Boga la Shingo la Mama Ansgar

Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka sitini na sita, wanaume wa upande wa Ushirombo walirudi makwao mmoja baada ya mwingine, kila mtu na alichojaliwa. Kuna aliyerudi na baiskeli, kuna aliyerudi na cherehani, na kuna aliyerudi na kikohozi kisichosikia dawa. Otmar alirudi na koleo lililolika ncha na kopo la maziwa lililojaa mbegu.

Mkewe Lukresia, ambaye watu walimwita Mama Ansgar kwa jina la mtoto wao, hakulijali lile kopo. Kwake ilitosha kwamba mume amerudi mzima. Miaka yote ambayo Otmar alikuwa Geita, pale kwao Isenga alijulikana kama mtu wa chini, mwanaume anayeshuka kwenye shimo lenye giza na kutoka na mawe ya dhahabu ya watu wengine. Heshima hiyo ilimfikia na mkewe. Jumapili kanisani wanawake walijisogeza kwenye benchi Mama Ansgar apate nafasi, na padri alipowaombea wanaofanya kazi za hatari, macho yaligeuka kumtazama. Yeye mwenyewe hakukosa jioni hata moja kupiga magoti na kumwomba Mungu jiwe lisimwangukie Otmar.

Ukweli ulikuja na mgeni. Mihayo, aliyekuwa Geita pamoja na Otmar, alipita Isenga kusalimia. Lukresia akasonga ugali, akachinja kuku, na alipokuwa akiingia na maji ya kunawa akamsikia Mihayo akicheka na kumwuliza mwenzake maua ya kina mama wa Kizungu amemwachia nani. Otmar hakucheka. Alitazama chini, na Lukresia alipoyaona yale macho akajua kuna jambo.

Alisubiri mgeni aondoke. Kisha akamwuliza mumewe, bila kupandisha sauti, alikuwa anafanya kazi gani Geita.

"Bustani," Otmar akasema. "Bustani za nyumba za wakubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Chini nilishuka siku moja tu. Nilitetemeka mpaka msimamizi akanirudisha juu. Wakanipa koleo."

Lukresia alikaa chini kwenye ukingo wa kibaraza. Kazi ya bustani haikumuudhi, maana bustani ni kazi ya halali kama kazi nyingine. Kilichomchoma ni yale magoti yake. "Miaka yote hiyo nimemsumbua Mungu jiwe lisikuangukie," alimwambia, "kumbe wewe ulikuwa unamwagilia maua."

Otmar alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa, na kila alipoona ugomvi unakuja alitafuta kitu cha kufanya. Siku ile alitafuta jembe.

Kwa mtu mwingine Lukresia hakusema neno. Kama angesema, aibu ingemwangukia na yeye, na lile benchi la kanisani lingembana. Kwa hiyo akaulinda uongo wa mumewe huku ukimkereketa rohoni, na kwa kuwa hakuweza kumgombeza mbele za watu, akaamua kutomsemesha kabisa. Alimwekea chakula, akamfulia nguo, akampita kama mtu anavyopita nguzo ya nyumba.

Mvua za kwanza zilipoloweka ardhi, Otmar akazipanda zile mbegu ukingoni mwa shamba la karanga. Mama yake mzazi, Bibi Paskalina, alimwuliza ni kitu gani, naye akasema ni boga la Kizungu, mpishi wa mgodini akiliita batanati. Bibi akasema mayungu, yaani maboga ya kwao, yapo tangu enzi za babu zake, hakuona sababu ya kuyatafutia wageni. Mbegu zikaota. Zikatambaa kwa fujo, zikavuka tuta, zikaingia kwenye karanga za Lukresia na kuzifunika kwa majani mapana. Lukresia alipoona hivyo alichukua jembe akakata mashina mpaka mkono ukachoka. Otmar alikuwa amesimama mbali akimwona, na hakumzuia.

Mashina yaliyosalia yalizaa. Matunda yalikuwa ya ajabu: shingo ndefu nene, tumbo la mviringo chini, ngozi ya kijani iliyopauka, kama kibuyu ambacho hakijaamua kuwa kibuyu. Ulikuwa mwezi wa pili, ghala zimebaki vumbi, na watu wanakula mboga za porini wakisubiri mahindi mabichi. Lukresia aliyachuma yale matunda yakiwa bado machanga, kama anavyochumwa mung'unye, akayakatakata na kuyachemsha. Angemwuliza Otmar, lakini hakuwa akisema naye. Na Otmar, aliyejua vizuri kwamba hayajafika wakati wake, alimwogopa mkewe kuliko alivyoogopa njaa, akanyamaza.

Mboga ilitoka maji matupu, haina ladha. Bibi Paskalina aliionja, akaiweka chini, akasema labda Wazungu waliila kwa sababu walikuwa mbali na kwao. Wakala hivyo hivyo siku baada ya siku, wote wamenuna, mpaka yakaisha shambani.

Yaliisha yote isipokuwa moja. Lilijificha chini ya majani makavu kwenye kona ya shamba, na Lukresia alilikuta wakati wa kuvuna mtama, mvua zimeshakatika. Lilikuwa limebadilika kabisa. Ngozi ilikuwa na rangi ya chungu kipya kabla hakijachomwa, ngumu, na kikonyo kimekauka kama kijiti. Alilibeba mpaka nyumbani. Otmar alikuwa uani akinoa jembe. Lukresia, ambaye asubuhi ile alikuwa amekumbuka tena zile sala zake, alilirusha chini mbele ya miguu ya mumewe akasema, "Chukua kitu chako."

Boga likapasuka tumboni. Ndani lilikuwa la njano nzito, karibu na wekundu, kama kiini cha yai la kuku anayejitafutia mwenyewe. Mbegu zilikaa tumboni tu, na shingo yote ilikuwa nyama tupu. Lukresia alilitazama. Aliinama, akaokota vipande, akaenda navyo jikoni. Akavipika kwa maji kidogo, akatia karanga zilizotwangwa na chumvi. Harufu iliyotoka ikamleta Bibi Paskalina mlangoni. Bibi alikula, akamaliza kwa kulamba vidole, kisha akauliza mengine yako wapi.

Hayakuwepo mengine. Walikuwa wameyala yote mabichi, maji matupu, na kumbe kila moja lingekuwa hivi.

Hapo ndipo Lukresia alipomwuliza mumewe jambo kwa mara ya kwanza tangu siku ya mgeni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Otmar akasema.

Waligombana siku ile mpaka Bibi Paskalina akaondoka kwenda kukaa kwa majirani. Lukresia alimwambia yote aliyokuwa ameyaweka, ya sala, ya benchi, ya karanga, ya mwanaume anayeiacha familia yake kula mboga ya maji matupu kwa sababu ya woga. Otmar naye akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, kwamba alidanganya kwa sababu siku aliyoondoka Isenga baba yake aliuza ng'ombe wa nauli ili awe na mtoto mchimbaji, na hakujua angerudi vipi na kusema alichimba mashimo ya waridi. Hawakusameheana. Ila baada ya siku ile walizungumza, na zile mbegu za tumboni Lukresia aliziosha, akazikausha kwenye ungo na kuzificha yeye mwenyewe.

Miaka iliyofuata akalijua lile boga kama mtu anavyomjua jirani mgumu. Akajua kwamba ukilipanda kabla ardhi haijanywa maji ya kutosha linakuonyesha majani tu. Akajua kulipa nafasi yake mbali na karanga. Zaidi ya yote akajifunza kuliacha. Njaa ya mwezi wa pili ilipomwambia achume, aliibishia, akapitisha ukucha kwenye ngozi, na kama ukucha uliingia alirudi nyumbani mikono mitupu akiwa amekasirika. Alilichuma kikonyo kikiwa kimekauka, akaliacha na kikonyo chake, akalipanga darini bila kulibana na wenzake. Lilikaa mpaka upepo wa kiangazi unageuka vumbi, wakati mboga nyingine zote zimekwisha na majirani wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Majirani walilionja kwa adabu, wakalisifu, wakaendelea kupanda mayungu yao. Bibi Paskalina alifariki akiwa analipenda kuliko mtu yeyote, ingawa hakuwahi kulikubali kwa jina.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mwaka sabini na nne, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, mgambo walifika Isenga na lori na kuwaambia watu wapakie vyombo. Lukresia aliomba wamwachie muda ashushe maboga yake. Wakamwambia serikali haisubiri maboga. Walipong'oa paa ili watu wasirudi, dari ikashuka na maboga yakaporomoka kwenye jalala la nyuma ya nyumba, yakapasuka na kulala pale juani. Mwenye kuwaongoza alikuwa Nkwabi, jirani yao wa siku zote, aliyekuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji kipya. Lukresia alimwita kwa jina mbele ya mgambo na kumwuliza kama angekikanyaga chakula hiki endapo kingekuwa cha mama yake. Nkwabi alisema, "Mama Ansgar, panda kwenye gari." Akapanda. Njia nzima alikaa mgongo umeelekea mbele, akitazama walikotoka.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, viwanja vimepimwa kwa kamba, ardhi ngumu isiyowahi kulimwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Mahindi yalikauka yakiwa magotini, na watu wakaanza kupanga foleni ya unga wa njano wa msaada, walioupa jina la yanga. Kwenda kulima mahame, yaani makazi yao ya zamani, kulikatazwa kabisa. Lakini Lukresia alikwenda kutafuta kuni, akapita Isenga, na kwenye jalala la nyumba yake iliyobomolewa akakuta maboga yamejiotea yenyewe. Mbegu za yale yaliyopasuka zilikuwa zimepata samadi ya miaka, na zilitambaa juu ya kuta zilizoanguka kama vile hazijasikia habari ya ukame. Kuanzia siku hiyo kuni zake zote zilitoka Isenga. Alipalilia kwa mikono asionekane na jembe. Matunda yakawa mengi kuliko mwaka wowote. Aliyahesabia njaa iliyobaki, akapitisha ukucha, akasubiri.

Hakuwa peke yake aliyepita mahame. Binti mdogo wa Salvina, jirani yake wa kijiji kipya, alirudi na vitunda vichanga alivyookota huko, mama yake akavipika, na mtoto akatapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Salvina alilia kwamba mwanawe amekula kitu cha kijani chenye shingo. Kila mtu alijua ni nani anayepanda vitu vyenye shingo. Kesho yake Nkwabi akatuma mgambo mahame.

Lukresia alifika wakiwa wameshaondoka. Mashina yote yalikuwa yamekatwa chini kabisa. Maboga yalikuwa yamepigwa mapanga, mengi bado ya kijani, yakitoa utomvu, nzi wamejaa. Majuma machache tu yangetosha. Alizunguka jalala lote akigeuza moja moja, na yale machache yaliyotangulia kuiva, yaliyokuwa na alama ya panga au yaliyoponea chini ya majani, akayafunga kwenye kanga. Hakulia. Alisema baadaye kwamba alikuwa na hasira nyingi mno kuweza kulia.

Mkutano uliitwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, saa za asubuhi, ili Mama Ansgar ajieleze. Alikuja na boga moja kichwani na sufuria mkononi. Nkwabi alieleza kwamba mtoto wa watu amenusurika kufa, kwamba kile kitu, hata kama majirani wa Isenga walikionja zamani, kimegeuka kibuyu kichungu cha porini, na kwamba yeye mwenyekiti hawezi kuruhusu watu wapande sumu. Kisha akamgeukia Otmar, kwa heshima, kama mwanaume na kama mtu wa mgodini, akamwuliza mbegu hizi zilitoka wapi, na nani anaweza kushuhudia kwamba ni chakula.

Otmar alisimama. Mikono yake ikatafuta pa kukaa. Akasema alizinunua kwa mfanyabiashara mmoja Mwanza, miaka mingi, hakumbuki jina lake.

Lukresia alimtazama mumewe, na kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu siku ya Mihayo kikatoka.

"Anadanganya," alisema. "Mume wangu hakuchimba dhahabu. Alikuwa mtunza bustani wa wakubwa wa mgodi. Maboga haya aliyapanda kwenye bustani zao, yakapikwa, yakaliwa kila mwaka, na hakufa mtu. Aliogopa kushuka chini, na leo anaogopa kuwaambia."

Mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima, cha watu wenye njaa waliopata jambo la kusahau njaa kidogo. Mmoja akauliza kama bwana anayo bado maua ya kuuza. Otmar alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umepauka.

Lukresia alikiona kile kicheko kinavyompiga, na hasira yake ikageuka njia. Aliwaambia wanyamaze. Aliwauliza nani kati yao aliletewa na mumewe kutoka Geita kitu kinacholiwa mpaka leo. Baiskeli zimeoza. Cherehani zimeuzwa. "Huyu alileta chakula," alisema, "na ninyi mmekitia mapanga wakati watoto wenu wanapanga foleni ya unga. Ninyi ndio wa kuchekwa."

Hakungoja jibu. Alikusanya mawe matatu palepale, akaomba moto kwa mwanamke wa nyumba ya jirani, akalipasua boga na kuonyesha ndani yake, akalipika mbele ya mkutano. Hakuna aliyeondoka. Nkwabi alikaa kwenye kiti chake akitazama pembeni. Boga lilipoiva Lukresia alikata kipande akala, akiwatazama. Otmar akaja, akachuchumaa karibu na sufuria, akanyoosha mkono, akala naye. Watu walikaa kusubiri waone watakavyoanguka. Jua lilipanda, kivuli cha ofisi kikapungua, na wale wawili wakamaliza sufuria.

Salvina ndiye aliyesimama kwanza. Alienda nyumbani kwake na kurudi na maganda aliyokuwa ameyatupa nyuma ya jiko, akayaweka kando ya maganda ya Lukresia. Hata mtoto angeona kuwa hayakuwa ya kitu kimoja. Ya binti yake yalikuwa ya vibuyu vya porini, vyenye shingo nyembamba, na Lukresia alipogusisha kipande ulimini alikitema. Salvina alisema, "Mama Ansgar, nilikuwa na hofu." Lukresia alimjibu kwamba hofu anaielewa, ila si mapanga.

Watu walikimbilia mahame mchana ule kuona kama kuna kilichobaki. Walikuta maboga mabichi yaliyoanza kuoza juani, na harufu yake iliwafuata mpaka barabarani. Njaa ya mwaka ule iliendelea mpaka mvua nyingine. Wengi walikuja kwa Lukresia kuomba mbegu za yale machache yaliyopona, naye akawapa, kila mmoja kiganja, akiwafokea kuhusu kuchuma mapema kabla hata hawajapanda. Mke wa Nkwabi alipokuja, alimwamkia vizuri, akamkaribisha maji, kisha akasema, "Mwambie mwenyekiti mbegu zake alishazikata." Mwanamke yule aliondoka mikono mitupu, na mbegu akazipata baadaye kwa Salvina. Lukresia alijua na hakufanya lolote, lakini kumsamehe Nkwabi mwenyewe hakumsamehe, na miaka iliyofuata walipokutana njiani alimwamkia haraka haraka na kupita.

Otmar walimwita Bwana Maua kwa muda mrefu, hata watoto. Hakugombana nao. Mvua zilizofuata alilima bustani mbele ya nyumba, kando kabisa ya barabara ambako kila mtu anaona, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Isenga. Watu walisimama kumwuliza habari za mboga, na yeye aliwajibu polepole, kama anavyojibu mtu aliyezoea kunyamaza.

Siku moja walikuwa wakipanga maboga darini, yeye juu, mkewe akimpokeza kutoka chini. Otmar alisema bila kumtazama, "Siku ile ya mkutano ungeweza kuninong'oneza niseme mwenyewe."

"Ungesema?"

Otmar alifikiri. "Sijui," alisema.

Lukresia alikaa na boga mikononi. Alitaka kumwambia kwamba aliumia kumsikia akichekwa, na kwamba hata hivyo angesema tena. Badala yake aliligeuza boga, akapitisha ukucha kwenye ngozi, akaona liko tayari, akampa.

"Usilibane na wenzake," alimwambia.

"Najua," Otmar akasema, akalipokea.